Sura ya Sita: Magokoro na Mjukuu Mbele ya Simu Moja

Ekerenyo, katika kaunti ndogo ya Nyamira Kaskazini, simu ya mkononi huwa ya nyumba kabla ya kuwa ya mtu. Asubuhi mama huenda nayo shambani kuchuma chai. Jioni humfikia mtoto anayesema mwalimu ametuma kazi ya ziada kwa WhatsApp. Usiku hulala karibu na bibi, ambaye Wagusii humwita magokoro, kwa kuwa pesa ya mwanawe aliye Nairobi itaingia humo. Laini ni moja. Namba ya siri inajulikana na watu watatu au wanne. Akaunti ya Facebook ina jina la mama, lakini anayeitumia zaidi ni binti yake wa gredi ya 8.

Vitabu vingi vya usalama wa mtandaoni viliandikwa kwa ajili ya nyumba ya namna nyingine. Humo mtoto ana simu yake na chumba chake, na mzazi anajua kuingia kwenye mipangilio ya simu na kufunga asichotaka mtoto aone. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu Desemba 10, 2025, sheria yake inazitaka kampuni kubwa za mitandao ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti. Serikali ikiamua hivyo huko, kampuni zina mahali pa kuanzia, maana akaunti ya mtoto ni ya mtoto. Katika nyumba niliyoieleza hapo juu, mtandao unamwona mama wa miaka 40 huku anayeandika akiwa na miaka 13. Umri ulioandikwa kwenye akaunti haumlindi yeyote.

Hoja ya sura hii ni kwamba katika nyumba za Gusii, na nyingine nyingi za Afrika Mashariki, mtoto na mzee wafundishwe usalama wa mtandaoni pamoja, wakiwa wamekaa mbele ya simu moja. Mtoto anaijua simu. Mzee anawajua watu. Anayewawinda hutegemea kwamba kila mmoja atakuwa peke yake.

Kalenda ambayo matapeli wanaijua

M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilianza Machi 2007, na tangu hapo simu imekuwa mkoba wa familia. Mkulima anayepeleka majani katika viwanda vya chai vya Nyamira, kama Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Nyansiongo, hulipwa kila mwezi kwa kilo, kisha huja bonasi ya mwaka ambayo kwa kawaida huingia karibu na Oktoba. Mzee aliyesajiliwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Karo hulipwa mihula inapofunguliwa. Hakuna anayehitaji kuvunja nyumba ili ajue ni lini pesa zimefika Ekerenyo, kwa kuwa siku hizo zinatangazwa redioni.

Watoto nao wana kalenda yao. Wanafunzi wa shule za bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo hamu ya muhula mzima humalizwa likizoni: Aprili, Agosti, na ile likizo ndefu inayoanzia mwisho wa mwaka. Janga la korona lilizidisha mambo. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo watoto ambao hawakuwa wamewahi kushika simu kwa zaidi ya dakika chache waliachiwa kutwa, na wengi hawakuirudisha tena kwa moyo mmoja.

Shule imejaribu kuyafuata mabadiliko haya. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, na mtaala wa umilisi ulioanza 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Hilo ni jambo jema. Lakini kumfundisha mtoto kuwasha kifaa, kuchapa na kutafuta habari ni kazi moja. Kumfundisha aseme nini mtu mzima anapomwomba picha usiku ni kazi nyingine, na hiyo ya pili haina kipindi kwenye ratiba.

Jinsi mzee anavyonaswa

Tapeli wa simu hahitaji ujuzi mkubwa wa kompyuta. Anachohitaji ni mtu mwenye huruma aliye peke yake kwa dakika 10.

Hila iliyozoeleka huanza na ujumbe unaofanana na wa M-Pesa, unaosema umepokea shilingi elfu kadhaa. Mara simu inalia. Anayepiga analia: ametuma kimakosa, pesa ni za mgonjwa, tafadhali mama nirudishie sasa hivi. Mama anarudisha pesa ambazo hazikuwahi kuingia. Kinga yake ni ya vitendo. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, hauji kutoka namba ya kawaida ya mtu. Kabla ya kurudisha chochote, angalia salio. Na hata pesa zikiwa zimeingia kweli, aliyekosea ana njia yake: huutuma ujumbe wa muamala kwa 456, na Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, hushughulikia kuzirudisha. Mpokeaji hana wajibu wa kutuma kwa mkono wake.

Hila ya pili humlenga mzazi wa mtoto aliye bweni. Anayepiga anajitambulisha kuwa mwalimu au daktari. Mtoto ameanguka, yuko hospitalini, anahitaji dawa ambayo lazima ilipiwe kabla ya nusu saa. Mzazi husikia jina la mtoto wake na la shule yake, na akili yote huhamia hospitalini. Mara nyingi majina hayo yametoka katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi, au kwenye picha ya siku ya kufungua shule iliyowekwa Facebook.

Ya tatu ni ya mtu anayejifanya mhudumu wa kampuni ya simu. Anaomba namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, pengine namba ya siri, au anaagiza ubonyeze namba fulani. Akipata anachotaka, laini yako huhamishiwa kwenye kadi iliyo mikononi mwake, na simu yako inapoteza mtandao huku akaunti ikikombwa. Wapelelezi wa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wamewakamata mara nyingi washukiwa wa uhalifu huu katika eneo la Mulot, kwenye mpaka wa Bomet na Narok, ambako si mbali na Nyamira. Safaricom yenyewe hupigia wateja wake kutoka 0722 000 000 pekee, na haimuulizi mtu namba yake ya siri. Mwenye laini anaweza kubonyeza *100*100# ili laini isibadilishwe mpaka afike dukani mwenyewe. Namba ya tapeli hutumwa bila malipo kwa 333.

Ukizitazama hila hizi tatu kwa pamoja utaona zinatumia vitu vilevile: haraka, hofu na upweke. Mzee haambiwi kamwe, "Mwite mjukuu wako aje asome ujumbe huu nawe."

Jinsi mtoto anavyonaswa

Mtego wa mtoto hutegwa polepole. Huanza na urafiki. Akaunti yenye picha ya msichana mrembo inamwandikia mvulana wa miaka 15, inamsifu, inamuuliza kuhusu shule. Baada ya siku kadhaa mazungumzo yanahamia WhatsApp au Telegram. Kisha inakuja picha ya utupu, na ombi la kurudishiwa kama hiyo. Mvulana anapotuma yake, lugha inabadilika papo hapo: nitumie pesa, la sivyo picha hii itafika kwa mama yako, kwa mchungaji na kwa darasa zima. Mtoto asiye na shilingi anaanza kuiba katika simu ya nyumba, au anaanza kuwaza kujidhuru.

Kwa wasichana, mtegaji mara nyingi si mgeni. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL na kutolewa kuhusu Kenya mwaka 2021, ulikuta kwamba asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Ulionyesha pia kwamba wengi wanaowadhulumu watoto kupitia mtandao ni watu ambao watoto hao tayari wanawajua, na kwamba ni wachache mno wanaopeleka habari polisi au kupiga simu ya msaada. Anayemnunulia binti bando la shilingi 20 anaweza kuwa mwendesha bodaboda wa stendi, kaka wa rafiki yake, au jamaa anayekula nao meza moja. Kwa hiyo onyo la "usiongee na mtu usiyemjua", ambalo watoto wengi wanalijua kwa moyo, linawaacha wazi upande ambako hatari ni kubwa.

Siku hizi mtoto anaweza kunaswa bila kutuma chochote. Programu za akili unde zinachukua uso kutoka picha ya kawaida na kuuweka juu ya mwili ulio uchi. Picha ya sare ya shule inatosha. Ndiyo maana uamuzi wa Septemba 2023 ulikuwa na uzito mkubwa: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School, iliyoko Uthiru, faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini hiyo kwa mtoto yeyote. Kila mwalimu mkuu anayeweka picha za watoto kwenye ukurasa wa shule, na kila kanisa linalorusha ibada ya watoto moja kwa moja, anapaswa kuuliza wazazi kwanza, na kuacha kuandika majina kamili chini ya nyuso.

Kwa nini mtoto hasemi

Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeishi Gusii katika miaka ya 1950 na kurudi tena miaka ya 1970, aliandika kwa kina kuhusu chinsoni, desturi ya heshima na haya inayotawala uhusiano wa vizazi vinavyofuatana. Baba na mwanawe, mama na mkwewe, hawatajiani mambo ya mwili. Mwana akishaoa, baba haingii katika nyumba yake. Mazungumzo ya mapenzi kati ya mzazi na mtoto ni aibu kwa wote wawili.

Desturi hii haikuwaacha watoto bila mwalimu. Kazi ile ilikuwa ya babu na bibi. Kati ya sokoro au magokoro na mjukuu haya ilikuwa ndogo: walitaniana, wakaulizana maswali ya wazi, na mambo ambayo mama asingeweza kuyatamka yalisemwa usiku katika nyumba ya bibi. Mtoto alikuwa na mtu mzima wa kumwambia aibu yake.

Mpangilio huo umelegea. Wajukuu wako bwenini, wazazi wako mijini, na pale bibi na mjukuu wanapoishi pamoja, mjukuu ana simu na bibi anafikiri simu ni mambo ya vijana. Haya ya zamani kati ya mzazi na mtoto imebaki na nguvu zake zote, lakini mlango wa pembeni uliokuwa ukiifanya ivumilike umefungwa. Mtishaji wa mtandaoni analijua hilo bila kusoma kitabu chochote. Anaposema "nitampelekea mama yako", anatishia kwa kitu ambacho katika nyumba ya Kigusii ni kizito kuliko kipigo.

Siwalaumu wazazi kwa haya yao. Ina maana yake, na familia nyingi zimedumu kwa heshima hiyo. Ninachosema ni kwamba mlango ule ufunguliwe tena kwa makusudi. Kila mtoto awe na watu wazima wawili anaoweza kuwaeleza jambo la aibu: bibi, shangazi, mwalimu fulani, dada mkubwa. Nasema wawili kwa sababu mmoja wao anaweza kuwa ndiye mdhulumu. Mtoto atajiwe watu hao kwa majina, na watu hao wenyewe waambiwe kwamba wamechaguliwa.

Somo la watu wawili

Hakuna mtoto wa Ekerenyo aliyefundishwa kuchuma chai kwa hotuba. Alisimama mstarini kando ya mtu mzima, akaona majani mawili na chipukizi yakivunjwa, akavunja yake, akakosolewa. Usalama wa simu nao hufundishwa hivyo, kwa vitendo na kwa kurudia. Mafunzo yafuatayo yanafanyika jioni, mjukuu na bibi wakiwa pamoja, kwa muda mfupi.

Kwanza ni zoezi la tapeli. Mjukuu anatoka nje na kupiga simu akijifanya mwalimu anayesema mtoto ameanguka. Bibi anajifunza jibu moja: "Nimesikia. Nitakupigia." Anakata, kisha anapiga namba ya shule aliyoiandika mwenyewe katika daftari. Halafu wanabadilishana. Bibi anajifanya rafiki wa mtandaoni anayebembeleza picha, na mjukuu anatafuta maneno ya kukataa. Wengi hucheka katika zoezi hili, na kicheko hicho ndicho kinacholegeza haya. Mtoto aliyewahi kutamka "hapana, sitaki" mbele ya bibi yake anayo sentensi hiyo tayari kinywani siku ya kweli.

Pili ni swali la nyumba. Familia ichague swali ambalo jibu lake halimo katika simu wala Facebook, kwa mfano jina la ng'ombe aliyeuzwa zamani ili kulipa karo. Anayepiga akidai kuwa ni mwana aliyepoteza simu na anaomba atumiwe kwenye namba mpya, aulizwe swali hilo. Sasa sauti za watu zinaweza kuigizwa na mashine, kwa hiyo kuitambua sauti hakutoshi tena.

Tatu ni kufunga milango ya akaunti. Mjukuu amwonyeshe bibi na mama jinsi ya kuweka uthibitisho wa hatua mbili katika WhatsApp, na kwa nini ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe haipewi mtu yeyote, hata mchungaji. Waende pia pamoja saiba, yaani duka la intaneti. Wakazi wengi hufunguliwa barua pepe na akaunti za eCitizen na mhudumu wa saiba, na nywila hubaki katika daftari lake. Zibadilishwe, na kila mtu ahakikishe ametoka kwenye akaunti kabla ya kuondoka kwenye kompyuta ya watu.

Nne ni ahadi. Mtu mzima amwambie mtoto waziwazi: "Ukiniletea jambo baya ulilokutana nalo kwenye simu, sitakupiga wala sitakunyang'anya simu. Tutatafuta njia pamoja." Watoto wengi hunyamaza kwa sababu wanajua kitakachofuata ni kiboko na simu kufungiwa kabatini. Mtishaji huwaambia hivyohivyo. Ahadi hii ni ngumu kuitunza siku ya hasira, lakini bila hiyo masomo mengine yote hayana kazi.

Mtoto wa chini ya miaka 10 hahitaji maelezo marefu. Anahitaji sheria tatu: picha za mwili hazipigwi, mtu akisema "usimwambie mama" lazima nimwambie mtu mzima, na simu ikionyesha kitu kinachonitisha naiweka chini na kuita.

Watu wenye ulemavu wanahitaji somo lililotengenezwa kwa ajili yao. Kiziwi hawezi kutambua tapeli kwa sauti. Yeye athibitishe kwa simu ya video, aone uso na ishara za anayeomba pesa. Kipofu anayetumia simu inayosoma maandishi kwa sauti avae kipokea sauti cha masikio kila anapoingiza namba ya siri, maana simu huweza kuitaja mbele za watu. Mwenye ulemavu wa akili apewe kanuni moja fupi, irudiwe kila wiki kwa maneno yaleyale, na awe na mtu mmoja anayejulikana wa kumwuliza kabla ya kutuma chochote. Asiyejua kusoma achague mwenyewe ni nani atakayemsomea ujumbe wake, asiachiwe yeyote aliyepo karibu.

Ujumbe unaoua

Katika Gusii kuna hatari moja ambayo vitabu vya usalama wa mtandaoni havijaipa nafasi. Mei 2008, wazee 11, wengi wao wanawake, waliuawa kwa moto katika eneo la Kisii baada ya kudaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, kaunti ya Kisii, kwa madai ya namna hiyohiyo, na video za mkasa huo zikasambazwa kwenye simu za Wakenya. Madai kama haya yalikuwepo kabla ya simu, na husafiri kwa mdomo. Lakini leo mdomo umeongezewa kikundi cha WhatsApp chenye mamia ya watu, na jina la bibi kizee linaweza kuvuka vijiji vitano kabla hajamaliza kunywa chai.

Hivyo somo la mwisho la nyumbani ni hili: ujumbe unaomtaja mtu kwa jina na kumshtaki, awe mzee anayeitwa mrogi au kijana anayeitwa mwizi, hausambazwi. Unaishia kwako. Kama kuna dalili ya hatari, mpigie chifu au polisi. Vijana wenye simu ndio wanaoweza kuwalinda wazee wao hapa, na waambiwe hivyo kwa uzito unaostahili: uhai wa bibi ya mtu unaweza kutegemea kidole kilichokataa kubonyeza.

Mambo yakishaharibika

Mtoto akitishwa kwa picha, usilipe. Anayelipwa mara moja hurudi kudai tena. Usifute mazungumzo, kwa sababu ni ushahidi: hifadhi jina la akaunti, namba ya simu, namba aliyotaka atumiwe pesa, tarehe na maneno ya vitisho. Kisha mzuie mtishaji asiendelee kuandika.

Usisambaze picha yenyewe, hata kwa nia ya kuwaonya wazazi wenzako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamwadhibu anayechapisha au kusambaza picha za ngono za mtoto kwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 25, au vyote viwili. Aliyesambaza picha ya faragha ya mtu mzima naye anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua waziwazi kwamba mtoto hudhulumiwa mtandaoni pia, kwa hiyo afisa yeyote anayekwambia "hayo ni mambo ya simu tu" hajaisoma.

Piga 116, simu ya Childline Kenya, isiyolipiwa na inayopokelewa usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Polisi wa DCI wana kitengo cha kupambana na usafirishaji wa binadamu na kulinda watoto, na namba ya bure ya kufichua uhalifu ni 0800 722 203. Karibu zaidi yupo afisa wa watoto wa kaunti ndogo, na kituo cha polisi ambako unaweza kuomba dawati la jinsia. Ili picha ya aliye chini ya miaka 18 isienee, huduma ya Take It Down, iliyoanzishwa 2023, huitengenezea picha alama ya kidijitali bila picha kuondoka kwenye simu, kisha kampuni zilizojiunga huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Kwa watu wazima ipo StopNCII.

Lakini la kwanza kabisa hufanyika kabla ya simu yoyote kupigwa. Mwambie mtoto kwamba hana hatia, kwamba jambo hili lina njia ya kutokea, na usimwache peke yake usiku huo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aliyethubutu kufunua jambo lake anastahili kupokewa kwa mikono miwili.

Nani aanze

Ekerenyo haihitaji kungoja mradi kutoka Nairobi. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi Nyamira, hukusanyika katika makambi mwezi wa Agosti, na hapo bibi, mama na watoto huwa mahali pamoja kwa siku kadhaa. Kipindi kimoja cha alasiri kinatosha kwa zoezi la tapeli. Mwishoni mwa mwaka wavulana wanaotahiriwa hukaa pamoja wakipona na kufundishwa na wakubwa wao. Mkubwa mmoja awaeleze kuhusu picha na vitisho, kwa lugha ambayo hakuna baba angeitumia. Vyama vya akina mama hukutana kila wiki au kila mwezi. Baraza la chifu lipo. Egesa FM na Minto FM husikika kwa Ekegusii jikoni na shambani, na wiki za bonasi ndizo wiki za kutangaza hila za matapeli. Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya likizo isiyohitaji karatasi: mfundishe mtu mzima mmoja mambo manne, naye asimulie jinsi watu walivyokuwa wakidanganywa zamani.

Wewe unayesoma sura hii, mwalimu, mzazi, mzee wa kanisa au kijana mwenye simu, anza leo kwa hatua mbili. Mpe mtoto wako majina ya watu wazima wawili wa kuwaendea, na andika 116 nyuma ya mlango ambako kila mtu wa nyumba ataiona. Kisha mkae chini pamoja na mzee wenu, na simu iwe katikati.